Lori la Makaa Halirudi Tupu

Sehemu ya sita

Wiki jana mliniacha yadi ya Shirimatunda, saa nne asubuhi, mkono umeshika kona ya turubai. Ndani ya lori ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandikia kwamba ni tupu, mtu alikuwa amekohoa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Sophia, mzaliwa wa Majengo, Moshi. Kwa miaka saba nimekuwa karani wa wakala anayeuza makaa ya mawe. Makaa yetu yanachimbwa Mbinga, kule Ruvuma. Mteja wetu mkubwa ni kiwanda cha vigae nje ya mji, ambacho tanuri lake haliruhusiwi kupoa mwaka mzima. Kati ya mgodi na tanuri hilo kuna zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili za lami.

Shida yetu yote iko kwenye hizo kilomita. Makaa yenyewe ni rahisi, nauli ndiyo inayotuua. Lori likileta makaa na kurudi tupu, mteja analipia kwenda na kurudi. Tani ikifika Moshi, nauli yake imeshakuwa mara mbili ya bei ya mgodini. Mwaka jana kiwanda kilituambia bila kuficha kwamba makaa ya nje, yanayoshushwa na meli bandarini Tanga, yanawafikia kwa bei nafuu kuliko ya nchi yetu wenyewe. Wakatupa mwezi mmoja wa kujitetea.

Ndipo akatokea Denis, na malori yake sita, na nauli ya nusu.

Mkataba ukapona. Mimi ndiye niliyempeleka kwa bosi wangu. Mimi ndiye niliyemwomba amwajiri mdogo wangu, Nurdin, awe dereva. Na mimi ndiye niliyehangaika kumtafutia mizigo ya kurudi nayo kusini, vitunguu, maharage, mbao za Rongai. Kila mara alikataa, akicheka.

Mtu anatoza nusu ya nauli na bado anakataa mzigo wa kurudi! Jumanne ile nilikwenda yadi kujua nani anamlipia.

Nikainua turubai.

Niliona macho kwanza. Walikuwa wamekaa chini kwenye bodi la lori kwa mistari, magoti ya mmoja yamegusa mgongo wa mwenzake, vumbi la makaa limewapaka mpaka kwenye kope. Wahabeshi. Wengi vijana wa kiume, na wasichana wachache waliovaa kiume. Sikuhesabu. Baadaye nilisikia walikuwa thelathini na mmoja.

"Maji," akasema mmoja. Nadhani lilikuwa neno pekee la Kiswahili alilolijua.

"Dada Sophia."

Niligeuka. Denis alikuwa amesimama nyuma yangu na mifuko miwili ya mikate. Mikate ile ilinitisha kuliko kama angeshika panga. Alikuwa ametoka dukani tu, kama mtu anayekwenda kulisha kuku wake.

"Shusha turubai," akasema. "Jua linawachoma."

"Denis, hawa ni akina nani?"

"Mzigo wa kurudi. Si ulikuwa unanitafutia? Mimi nilikuwa nao tayari."

"Hawa ni watu!"

"Ni abiria. Wanataka kwenda kusini, na malori yangu yanakwenda kusini. Wewe ulifikiri nani analipia makaa yenu? Kichwa kimoja hapo ndani kinanipa kuliko tani kumi. Hawa wakiacha kupanda, kesho nauli yenu inarudi palepale, na keshokutwa bosi wako anafunga ofisi. Kule mgodini nako wapakiaji wanarudi kwao."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliwarushia mikate, akaanza kufunga kamba.

"Nakwenda polisi," nikasema.

"Nenda. Watauliza nani alisaini fomu kwamba malori yameondoka Moshi matupu. Safari arobaini na tatu, dada. Sahihi ni moja." Akakaza fundo. "Halafu watauliza dereva wa gari hili ni nani. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Nikatazama namba ya lori. Sijui kwa nini sikuitazama mapema. Lilikuwa lori la Nurdin.

Nikashika tairi.

"Nenda ofisini, andika kama kawaida," akasema Denis. "Na unisalimie mama."

Alikuwa amekula pilau kwetu sikukuu ya Idi. Mama alimwongezea nyama mara mbili.

*

Bosi wangu anaitwa Mzee Sirili, mtu wa Masama, ameuza makaa miaka ishirini. Nilimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona mikono myeusi hivyo?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa kuruka ruka, lakini alielewa. Alisimama akafunga mlango, akafunga na dirisha, ingawa joto lilikuwa kali.

"Ruwa wangu," akasema. Kwa Kichagga, Mungu wangu.

"Mzee, ulikuwa unajua?"

"Sikujua hili. Lakini dizeli ya kutoka Mbinga mpaka hapa naijua inakula kiasi gani. Kijana yule aliponitajia nauli yake, nilijua haiwezekani. Nilitaka tu iwezekane, Sophia. Nikamshukuru, sikumuuliza."

Akachukua simu. "Napiga polisi."

Nikamshika mkono. Hapa ndipo ninapotaka mnisome vizuri, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

"Mzee, nakuomba. Nipe saa mbili."

"Saa mbili za nini? Pale ndani kuna watu!"

"Dereva ni Nurdin."

Akakaa.

"Baba alipofariki Nurdin alikuwa na miaka tisa," nikasema. "Nimemlea mimi. Acha nimtoe kwenye lile lori kwanza. Hajui kilichomo. Nikishamtoa, piga unakotaka."

"Na wakifia mle ndani?"

Nilikuwa nimeshamshika mikono yote miwili, nalia. Mzee Sirili akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Saa mbili," akasema. "Isizidi hata dakika."

Saa mbili zile ni zangu. Nimewahi kujaribu kumgawia mtu mwingine lawama ya saa hizo, Denis, mzee, hata marehemu baba. Hazigawanyiki.

*

Simu ya Nurdin haikupatikana. Nikapiga mara kumi na moja. Nikapita yadi, lori lilikuwa limeshaondoka. Nikachukua bodaboda mpaka Majengo, nikiwaza jinsi ya kumweleza mama kwamba mtoto wake yuko barabarani na mzigo ule.

Nurdin alikuwa nyumbani! Amekaa kwenye ngazi ya mlango, begi la safari miguuni.

"Alhamdulillah!" Nikamkumbatia. "Hukuondoka!"

Akanisukuma. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kunisukuma.

"Dada, umefanya nini?"

"Mimi?"

"Nilikuja kumuaga mama tu, kama kila safari. Nikiwa hapa hapa Denis akapiga simu, akasema nisirudi yadi, dada yangu anachungulia mizigo ya watu. Lori amempa Hosea, dereva mwenzangu. Mimi nikaizima simu, nilikuwa sitaki hata kusikia sauti yako."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema.

"Nurdin. Kumbe ulijua."

Akatazama mlango kuona kama mama yuko karibu. Mama alikuwa uani, tulimsikia akitwanga.

"Safari ya kwanza sikujua," akasema kwa sauti ya chini. "Nilifika Mikumi nikasikia wanagonga. Nikafungua. Wawili walikuwa wamezimia. Nikawamwagia maji mpaka wakaamka. Niliporudi nikamwambia Denis naacha kazi. Akasema sawa, acha, malori ya kusini atapewa Hosea."

"Ungeacha!"

"Hosea hasimami, dada. Akifunga turubai Moshi, anafungua Songea. Mimi kila baada ya saa mbili nasimama porini, nafungua, wanapumua, wanakunywa maji. Hawa wa leo wamekaa Masama siku nne, nimekuwa nikiwapelekea maziwa na dawa za kuharisha. Ndiyo maana sikuacha."

"Na hela?"

Akainamisha kichwa. "Na hela pia. Sitakudanganya."

Nilimtazama mdogo wangu. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa kijana asiyejua kitu. Kumbe aliyekuwa hajui kitu ni mimi, na kwa kuinua kona moja ya turubai nilikuwa nimewaondolea wale watu dereva pekee aliyekuwa anawafungulia.

Ilikuwa saa sita kasoro. Jua la Februari, mnalijua. Bati la nyumba yetu lilikuwa linalia.

Nikampigia Mzee Sirili.

"Piga sasa, mzee."

"Umempata mdogo wako?"

"Nimempata. Piga! Lori limepewa mtu mwingine."

Nurdin akaninyang'anya simu. "Shikamoo mzee. Usiwatume polisi barabara ya Same, hawatalipata. Denis anajua ameonekana, leo hatathubutu kulipitisha barabara kuu. Atakuwa amelipeleka Masama, tunapowaficha kabla hawajaletwa yadi. Kuna yadi ya zamani ya kumenya kahawa, juu kabisa, ndani ya migomba."

Mzee akasema kitu. Nurdin akanirudishia simu.

"Anasema anaijua," akasema. "Anatufuata na gari."

*

Tulikaa watatu mbele kwenye pikapu ya mzee, mimi katikati. Mzee alikuwa ameshawapigia polisi na kuwaelekeza. Hakumuuliza Nurdin swali lolote. Tulipofika Kwa Sadala tukakata kulia, tukaanza kupanda.

Simu yangu ikaita. Denis.

"Dada Sophia. Geuza hiyo gari."

Nikatazama nyuma. Hakukuwa na gari lolote. Pikipiki moja tu, imebeba mwanamke na mikungu ya ndizi.

"Gari gani?" nikasema.

"Hiyo nyeupe ya mzee. Na Nurdin yuko kushoto kwako, dirishani. Nani kabaki na mama yenu?"

Simu ikakatika.

"Amesema nini?" akauliza Mzee Sirili.

Nikawaambia.

Nilitaka kusema turudi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, nawaapia. Mzee hakusubiri nilitoe, akabadili gia na kuongeza mafuta.

"Mpigie jirani," akasema. "Amchukue mama yenu akae naye ndani, wafunge mlango."

Nikapiga. Jirani hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea.

Huko juu barabara ni ya udongo mwekundu, migomba pande zote, na katikati yake mibuni. Tukamkuta mwanamke amesimama kwenye kihamba, shamba lake la nyumbani, mundu mkononi, amefura kwa hasira.

"Mnalitafuta lile lori?" akasema kabla hatujauliza. "Limenivunjia migomba miwili! Tangu nizaliwe sijaona lori kubwa namna ile likipanda huku. Na dereva wake kashuka mbio kwa miguu, kapita hapa kama anafukuzwa na nyuki."

"Saa ngapi?" akauliza Nurdin.

"Muda. Nimeshakata nyasi mizigo miwili tangu apite."

Nurdin akafungua mlango kabla gari halijasimama, akakimbia.

Tulimkuta amefika. Lori lilikuwa limeingizwa pembeni ya jengo la zamani la kahawa, mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa na hapakuwa na kivuli hata cha kuku. Injini imezimwa. Turubai limefungwa kamba mara mbili mbili, limekazwa mpaka halina hata kunyanzi.

Hakuna sauti iliyotoka.

Nurdin akaligonga bodi kwa kiganja, mara tatu. Tukasubiri. Akagonga tena.

Kutoka ndani, kitu kikagonga mara moja. Kidogo sana.

"Kisu!" akapiga kelele. "Leteni kisu!"

Mwanamke wa kihamba alikuwa ametufuata. Akampa mundu wake. Nurdin akapanda juu, akakata kamba moja, ya pili, ya tatu. Turubai lilipoachia, joto lililotoka mle ndani lilinipiga usoni nikiwa chini kabisa.

Sitawaeleza yote niliyoyaona. Wengi walishuka wenyewe, wakianguka na kuinuka, wakiufuata mfereji unaopita nyuma ya jengo. Walilala kifudifudi wakanywa kama ng'ombe. Mzee Sirili alivua koti lake, akalilowesha, akawa anawafuta nyuso mmoja mmoja huku akisali Kichagga. Watu watano hawakuweza kusimama. Nurdin aliwabeba mgongoni, akirudi na kupanda, akirudi na kupanda, jasho jeusi linamtiririka.

Wa mwisho alikuwa msichana. Nurdin alimweka kwenye maji, akamshika kichwa kisizame, akamwita kwa jina. Alilijua jina lake. Msichana hakufumbua macho.

Sisemi alikufa. Saa ile hatukujua.

*

Polisi wakafika. Nilipowaona nilifarijika, kisha papo hapo nikaubana mkoba kwapani. Kitabu cha fomu, ambacho mzee anajua sikiachi ofisini, kilikuwa ndani yake. Safari arobaini na tatu, kila moja na jina la dereva na sahihi yangu.

Afande aliyeongoza alikuwa mtu mzima, mpole wa sura. Aliwaambia wale watu wakae chini, akatuma gari kutafuta machela, kisha akauliza:

"Dereva wa lori hili ni nani?"

"Amekimbia, afande," akasema Mzee Sirili. "Mimi ndiye niliyepiga simu."

"Na hawa wengine?"

"Watu wa hapa wamekuja kusaidia."

Kwa kweli wanakijiji walikuwa wameshajaa, na ndoo, na maziwa, na ndizi mbivu. Nurdin alikuwa amerudi nyuma akasimama katikati yao. Mweusi kwa vumbi kama alivyokuwa, hakuwa na tofauti na yeyote aliyebeba watu. Nikawaza: tumepona. Baadaye tutajua la kufanya, lakini leo tumepona.

Ndipo mzee mmoja wa Kihabeshi, mwenye ndevu za mvi, akainuka pale alipoketishwa. Polisi akamwambia akae. Hakukaa. Alitembea akiyumba, akawapita watu wote, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mdogo wangu. Akamshika mikono yote miwili, akaibusu.

"Nuredini," akasema, machozi yanamtoka. "Nuredini. Nuredini."

Wengine wakalisikia jina. Wakaanza kuinuka nao, kijana huyu, kijana yule, wakinyoosha mikono kumwelekea. "Nuredini!" Walikuwa wanamshukuru. Kila mtu pale aliona kwamba wanamshukuru.

Na afande naye akaona.

"Wewe," akasema. "Jina lako nani?"

"Nurdin, afande."

"Hawa wamekuja leo hapa, hawajui hata wako nchi gani. Jina lako wamelijuaje?"

Nurdin aliinua kichwa. Alinitazama mimi.

Alitaka sentensi moja tu. Kwamba amekuja nasi. Kwamba ndiye aliyetuonyesha njia, ndiye aliyekata kamba. Sentensi moja, kutoka kwa dada aliyemlea.

Afande aliyafuata macho yake mpaka yakamfikisha kwangu.

"Mama, huyu kijana unamfahamu?"

Simu ikatetemeka ndani ya mkoba, juu ya kile kitabu cha fomu. Sikujua kama ni jirani au ni Denis. Nilimwona mama yangu uani, peke yake, anatwanga. Niliona sahihi zangu zimepangwa juu ya meza ya mahakama, moja baada ya nyingine.

Nikafungua mdomo.

"Hapana afande," nikasema. "Simfahamu."

Nurdin hakushangaa. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo, kwamba hakushangaa. Alimwachia yule mzee mikono taratibu, akainyoosha yake mbele, tayari kwa pingu.

Afande akamwita askari mwenye pingu. Mzee Sirili alikuwa amepiga magoti kando ya mfereji, koti lake limefunika miguu ya yule msichana. Akainuka polepole, maji yanamchuruzika magotini, akaja akasimama kati yangu na afande.

"Subiri kidogo, afande," akasema. "Huyu binti anadanganya. Mwambie afungue mkoba wake."